Gari Kuukuu la Kikundi: Tulitunze au Tuliuze?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa parokia. Wengi waliomba tuyaandike ili wakawasomee wanachama wao nyumbani.)



Asubuhi ya leo, kabla hatujaingia ukumbini, tulizunguka pale nje tukayatazama magari yaliyowaleta. Tulihesabu pikapu nne na matatu moja ya kukodiwa. Tukawauliza madereva umri wa kila gari. Lile changa kuliko yote lina miaka 14. Lile zee lina miaka 31, na ndilo lililofika hapa kwanza, saa moja na nusu, na mizigo juu. Mnacheka, lakini hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Kila tunakotembelea vikundi siku hizi tunaulizwa swali moja. "Gari letu limezeeka. Tuliuze, tukope, tununue jingine? Au tuendelee nalo hivyo hivyo?" Swali ni zuri. Lakini tumegundua kwamba wengi wetu hulijibu kwa hasira ya siku gari lilipokwama, au kwa aibu ya kuonekana na gari bovu mbele ya kikundi cha jirani. Leo tulijibu kwa kalamu na karatasi.

KWA NINI GARI LIMEKUWA GHALI

Kwanza tuelewane kuhusu bei. Magari mengi tunayoyaita mapya huku kwetu ni mitumba kutoka Japani. Kule Japani gari jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Kwa hiyo wenyewe wengi huona heri kuuza mapema. Hayo ndiyo hupakiwa melini kuja Mombasa. Sheria yetu ya Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lazima usukani uwe kulia. Basi kila mwaka unapogeuka, magari ya bei nafuu zaidi hufungiwa mlango, na wanunuzi wote wa Kenya hugombania yale machanga yaliyobaki.

Halafu tunalinunua kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Baadaye katika mwaka huo shilingi yetu ilipata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 129. Lakini ninyi mnajua, bei ya kitu ikipanda kwa lifti hushuka kwa ngazi, tena kwa miguu ya mzee.

Kisha kuna kodi. Hebu tuandike ubaoni. Chukueni gari dogo la abiria lenye injini inayozidi sisi 1500. Tuseme mamlaka ya kodi imelithamini shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Jumla 1,350,000. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 25, yaani 337,500. Jumla 1,687,500. Juu ya hiyo tena kuna VAT asilimia 16, yaani 270,000. Sasa tumefika 1,957,500, na bado hatujahesabu ada ya tamko la mizigo wala ada ya reli. Mnaona? Kodi imepanda mgongoni mwa kodi. Na ile thamani ya kwanza haitokani na risiti yako ya Japani. Mamlaka ina orodha yake ya bei, na hupunguza kulingana na umri wa gari.

Msidhani ni sisi peke yetu. Baada ya ugonjwa wa Korona viwanda vya dunia vilikosa vipande vidogo vya elektroniki, magari mapya yakapungua, bei zikaruka. Huko Marekani, nchi ya magari, wastani wa umri wa magari barabarani mwaka 2024 ulifika miaka 12.6. Watu wa huko nao wanatunza yaliyo kuukuu. Basi asione mtu aibu.

GARI LILILOFIA CHINI YA MWEMBE

Sasa tuwape habari ya vikundi viwili. Majina tunayaacha, maana wengine wamo humu ndani.

Kikundi cha kwanza kilipata pikapu mwaka 2012, kwa harambee yao na msaada uliopitia ofisi yetu. Tulipiga picha, tukala mbuzi, tukaimba. Tulikuwa tumewafundisha kuandika vitabu vya hesabu, tukawafundisha uongozi, tukawafundisha hata kutengeneza mboji. Juu ya kutunza gari hatukuwafundisha neno moja. Tulidhani gari likishapatikana kazi imekwisha.

Gari lile likawa la kila mtu, yaani halikuwa la mtu yeyote. Leo linaendeshwa na mpwa wa mwenyekiti, kesho na shemeji wa katibu. Oili iliongezwa ilipopungua, haikumwagwa hata siku moja. Hakuna aliyeandika limekwenda kilomita ngapi. Mwaka 2016 mkanda wa taiming ulikatika likiwa mbioni, vali zikapigwa na pistoni, injini ikafa. Mkanda ule ungebadilishwa kwa wakati wake, gharama ingekuwa sehemu ndogo tu ya injini. Gari likasukumwa hadi chini ya mwembe, na tulipokwenda mwaka uliofuata tulikuta kuku wametaga kwenye kiti cha dereva.

Wanachama walituambia, "Hii gari ilikuwa imezeeka." Jamani, lilikuwa na miaka 11! Lile lililowaleta wenzenu asubuhi lina 31. Halikuuawa na uzee. Liliuawa na kukosa mwenyewe. Na sehemu ya lawama hiyo ni yetu sisi wa ofisi, tunaikubali mbele yenu.

GARI LILILORUDI KAZINI, NA SIKU ILE YA MTEREMKO

Kikundi cha pili ni cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Pikapu yao ni ya dizeli, ilitengenezwa mwaka 2004. Kila asubuhi hubeba mitungi ya maziwa hadi kituo cha kupoza. Katikati ya mwaka 2023 ilianza kuchemsha maji na kutoa moshi mweupe. Broka mmoja akaja na shilingi 280,000 mkononi. Kwenye yadi mjini kulikuwa na pikapu changa zaidi ya shilingi 1,480,000. Basi ilibidi wakope shilingi 1,200,000.

Wakatuita kwenye kikao. Tulikaa nao tukapiga hesabu. Mkopo wa 1,200,000 kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni lililobaki, ni kulipa kama shilingi 41,600 kila mwezi. Mwisho wa miaka mitatu utakuwa umelipa karibu 1,500,000. Mama mmoja aliinuka akauliza, "Na ng'ombe wakikauka kiangazi, benki nayo itakauka?" Kikao kizima kilicheka, halafu kikanyamaza.

Wakaamua kulitengeneza gari. Fundi akaandika orodha: gasketi na kazi ya injini 64,000, klachi 28,000, breki 38,000, tairi mbili 30,000, springi 26,000. Jumla 186,000. Benki walikuwa na 110,000. Wakafanya ambavyo wengi wetu tungefanya. Walilipa injini na klachi, 92,000, ili gari liweze kutembea na kuleta pesa. Breki, tairi na springi wakasema, "Mwezi ujao."

Sisi tulikuwa kwenye kikao hicho. Tuliisikia hiyo "mwezi ujao", na hatukusema kitu. Tulifurahi kwamba wamekwepa deni.

Mwezi ujao ukawa mwezi mwingine. Ikaja ile mvua kubwa ya El Nino ya mwisho wa 2023. Asubuhi moja ya Novemba gari lilikuwa linashuka mteremko, maziwa yamejaa na wanachama watatu wamekaa juu ya mitungi. Dereva akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Kijana yule alikuwa hodari. Alirudisha gia ndogo, akaligongesha gari kwenye ukingo wa barabara upande wa mlima badala ya kuliacha liende bondeni. Mama mmoja alivunjika mkono. Maziwa ya siku nzima yalimwagika. Hospitali, maziwa na kunyoosha bodi vilikula shilingi 140,000. Breki zilikuwa 38,000.

Mkono wa mama yule umepona, lakini haukunyooka sawasawa. Tukikutana naye hutusalimu vizuri sana, na ndiyo maana hatusahau.

KUTUNZA SI KUAHIRISHA

Ndugu zetu, neno tunalotaka mrudi nalo nyumbani ni hili. Gari kuukuu si gari la bure. Ukiamua kulitunza badala ya kukopa, zile pesa ulizookoa si zako zote. Sehemu yake ni ya gari. Kikundi kinachokataa mkopo na pia kinakataa kutengeneza hakijaokoa kitu, kimekopa kwa mwili wa dereva na wa abiria. Na mkopo huo hulipwa kwenye mteremko.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema pia kamba hukatikia pabovu. Kwa gari, pabovu pa kwanza kutengenezwa ni breki, tairi na usukani. Hayo huja kabla ya injini. Injini ikikataa, gari linasimama na tunaenda kwa miguu. Breki zikikataa, gari halisimami. Pesa zikiwa chache, heri gari lilale nyumbani mwezi mmoja kuliko litembee bila breki.

MFUKO WA GARI NA DAFTARI LA GARI

Baada ya ajali ile kikundi kilifanya mambo mawili, na mpaka leo gari lao linabeba maziwa. Tuyaeleze.

La kwanza ni mfuko wa gari. Walikubaliana kwamba kila kilomita gari linapotembea, shilingi 5 zinawekwa kando. Hesabu ni hivi. Gari linatembea kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,560. Mara 5, ni shilingi 7,800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 93,600. Pesa hizo hazilipi mafuta, hazilipi dereva, hazikopeshwi mwanachama hata akilia. Zimo katika akaunti yao peke yake na hutolewa kwa sahihi tatu. Linganisheni sasa: mkopo ungedai 41,600 kwa mwezi, mfuko unadai 7,800. Ni kweli gari kuukuu hunywa mafuta zaidi na kuna siku hulala gereji. Lakini hata lile changa lingetaka oili, tairi na bima, juu ya mkopo.

Shilingi 5 si sheria. Barabara yenu ikiwa ya mawe, wekeni 7 au 8. Baada ya mwaka mmoja daftari litawaambia ukweli.

Na hilo ndilo jambo la pili, daftari. Mmeona dukani wanaandika "mali bila daftari hupotea bila habari". Kwa gari ni vivyo hivyo. Chukueni daftari la kawaida la shule. Kila siku dereva aandike tarehe, kilomita za kutoka, kilomita za kurudi, mafuta yaliyotiwa, mzigo, na jambo lolote alilosikia au kuona. Akiandika "kelele mguu wa kushoto mbele", mweka hazina asome na aulize. Kila tengenezo liandikwe: tarehe, kilomita, spea gani, bei gani, fundi gani. Siku ya kuuza, daftari hilo litawaongezea bei, maana mnunuzi ataona gari lina historia.

MAMBO AMBAYO HAMHITAJI FUNDI KUYAFANYA

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, dereva achukue dakika kumi. Atazame oili kwa kijiti. Atazame maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Asifungue kifuniko ikiwa moto, ataungua uso. Atazame mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Yakipungua kila wiki kuna mahali yanavuja. Akanyage breki gari likiwa limesimama. Pedali ikizama polepole, siku hiyo hakuna safari. Atazame tairi, ashike nati za magurudumu, awashe taa zote.

Oili ya injini na filta yake hubadilishwa kwa kilomita. Kwa gari kuukuu kwenye barabara zetu, kila kilomita 5,000 ni kipimo kizuri. Filta ya hewa katika barabara ya vumbi ikung'utwe kila wiki, na ibadilishwe ikichakaa. Gari la dizeli lina kichujio kinachonasa maji. Yamwagwe mara kwa mara, hasa kama mnanunua dizeli ya jeriken. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa hata kama hayajavuja, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Mkanda wa taiming, kwa injini zenye mkanda, wengi hubadilisha karibu kilomita 100,000, lakini fuateni kitabu cha gari lenu. Kama mlinunua gari na hamjui mkanda ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Na tairi. Mtauziwa tairi inayong'aa, ina meno yote, lakini ni kuukuu. Tazameni ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Zikiwa 2319, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Ukiona nyufa ubavuni, usinunue.

FUNDI NA SPEA

Wazee humu ndani wanaikumbuka Peugeot 504. Gari hilo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi liliunganishwa hapa hapa Mombasa. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978. Lakini halikuishi miaka mingi vijijini kwa sababu ya mbio. Liliishi kwa sababu kila mji ulikuwa na fundi aliyelijua na duka lililokuwa na spea zake. Hilo ni somo. Kabla hamjasifu gari lolote, ulizeni nani atalifungua likiharibika, na spea zitatoka wapi.

Chagueni fundi mmoja mkae naye. Fundi wa jua kali mwaminifu aliyelijua gari lenu miaka mitano ni mali kuliko gereji kubwa inayoliona mara ya kwanza. Lakini uaminifu nao una utaratibu wake. Mwambieni aandike orodha na bei kabla ya kufungua. Spea mnunue wenyewe, watu wawili, pamoja na fundi. Anayekwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, aende na spea ya zamani mkononi ailinganishe, na adai risiti. Mkikuta spea ya breki kwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, msifurahi, ogopeni. Na ile kuukuu iliyotolewa irudishwe kwa kikundi, ili muone kwa macho kwamba ilibadilishwa.

SIKU YA KUACHANA NALO

Hatujaja hapa kuwaambia mkae na gari hadi lizikwe. Kuna siku ya kuachana. Tazameni dalili nne.

Moja, chesisi imepasuka au imeliwa na kutu. Ikichomelewa leo, kesho itapasuka pembeni yake.

Mbili, spea hazipatikani tena, mnasubiri wiki tatu kwa kitu kidogo.

Tatu, daftari linaonyesha kwamba matengenezo ya mwaka mmoja yanakaribia malipo ya mkopo ya mwaka mmoja. Katika mfano wetu malipo hayo ni kama 499,000. Gari likila 400,000 kwa mwaka, na mwaka uliofuata tena, linawaibia.

Nne, siku za kulala gereji zimekuwa nyingi hata wateja wameanza kuondoka. Maziwa hayasubiri.

Mkiona mbili kati ya hizo, anzeni kutafuta. Na hata hapo msianze na mkopo mkubwa. Kama mfuko wa gari umekaa miaka mitatu, una akiba ndani, na mnaongezea bei ya lile kuukuu. Mtakopa kiasi kidogo zaidi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja aliuliza: "Je, bima? Kwa nini tulipie bima gari la miaka 20?" Tulimjibu kwamba bima ya kuwalinda watu wengine barabarani ni lazima kwa sheria, liwe jipya au zee. Bima kubwa ya kulipia gari lenyewe ni hiari, na kampuni nyingi hazipendi kuitoa kwa gari la umri huo. Ndiyo sababu mfuko wa gari ni wa lazima zaidi kwenu. Na gari la biashara lipelekwe kwenye ukaguzi kila mwaka. Msimtafute mtu wa kuwapa karatasi bila ukaguzi. Mtakuwa mmejidanganya wenyewe.

Mama mmoja aliuliza: "Wanachama wakitaka kupanda nyuma juu ya mzigo, dereva afanye nini? Ni wakubwa wake." Hili lilizua kelele ukumbini. Sisi tunasema kikundi kipitishe azimio liandikwe kwenye kitabu cha mikutano: pikapu ni ya mizigo, anayepanda nyuma hapandi, hata mwenyekiti. Hapo kijana akikataa atakuwa anatii kikundi, hajamdharau mtu.

Kijana mmoja aliuliza: "Kitabu cha gari letu kina jina la mwenyekiti wa zamani. Kuna shida?" Shida ipo, tena kubwa. Mwenyekiti akifariki au mkikosana, gari ni lake kwa karatasi. Libadilishwe liandikwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, na mfanye hivyo angali hai na mngali mnaelewana.

KAZI YA KUFANYA MKIRUDI

Mkifika nyumbani, kabla ya mwezi huu kwisha, fanyeni haya:

1. Nunueni daftari la gari, na mteue mtu mmoja wa kulisimamia. Mmoja, siyo kamati.

2. Mpelekeeni fundi gari akague breki, tairi na usukani tu, aandike bei.

3. Kama bei hiyo hamnayo, gari lilale hadi mpate.

4. Kubalianeni shilingi ngapi kwa kilomita, na mfungue akaunti ya gari.

5. Tazameni jina lililo kwenye kitabu cha gari.

Mkutano ujao tutawaomba kila kikundi kije na daftari lake. Hatutauliza gari ni la mwaka gani. Tutauliza mara ya mwisho breki zilifunguliwa lini. Na sisi wa ofisi tumekubaliana kwamba tukikaa tena kwenye kikao tukasikia mtu anasema "breki mwezi ujao", hatutanyamaza.

Madereva, kabla ya kuondoka, tazameni tairi.